Kabla ya Jukwaa Kulikuwa na Karatasi



Mwezi uliopita dada yetu mmoja alipigiwa simu saa tatu usiku. Mtu wa upande wa pili alisema yeye ni msaka wanamitindo, ameona picha zake mtandaoni, ana urefu unaotakiwa Paris, na kilichobaki ni shilingi 6,500 za "usajili" kwa M-Pesa kabla ya saa sita usiku. Akaongeza: "Hata Adut Akech alianzia hapo hapo Kakuma." Dada yetu hakuwa na 6,500. Asubuhi alikuja kutukopa. Tulikaa chini kuhesabu nani ana ngapi, halafu mmoja wetu akauliza, kwani huyo Adut alianza vipi hasa? Tulikuwa watu kumi na wawili pale na hakuna aliyejua. Picha zake tunazo kwenye simu, lakini historia yake hatukuwa nayo.

Basi tukaanza kusoma, wiki tatu nzima, tukipokezana bando. Tulichokikuta si ile hadithi tuliyozoea. Mnaijua ile: msichana mrefu, maskini, anatembea kwenye vumbi, mtu mwenye kamera anamwona, keshokutwa yuko Paris. Sisi tumeipa jina, hadithi ya kuokotwa. Kama vile mtu alikuwa amedondoka chini, akaja mwingine akamwinua.

Hadithi hiyo ni ya zamani kuliko kambi yetu, na ilipata umaarufu kupitia msichana wa Nairobi. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimwona mwanafunzi mmoja barabarani jijini. Jina lake Iman, mzaliwa wa Mogadishu mwaka 1955. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia, mama yake daktari wa wanawake. Baada ya mapinduzi ya Oktoba 1969 yaliyomweka Siad Barre madarakani, maisha ya familia yalipinduka nayo, wakaishia kukimbilia Kenya. Kwa hiyo alikuwa mkimbizi, kama sisi. Ila alikuwa mkimbizi aliyesoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi, na aliyeongea Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano na Kiingereza.

Beard alimwuliza kama amewahi kupigwa picha. Iman amesimulia mwenyewe kwamba swali lile lilimkera, kana kwamba kwao hakuna kamera. Jamaa alipong'ang'ania, yeye akageuza mazungumzo: utanilipa? Akataja ada yake ya chuo, dola 8,000. Akakubaliwa. Picha zikapigwa.

Hapo tulisimama muda mrefu katika kusoma kwetu. Kabla kamera haijafunguliwa, huyu msichana alikuwa ameshataja bei. Na bei hakuitoa hewani, aliitoa kwenye kitu alichokuwa anakihitaji mwezi huo huo. Alikuwa na miaka 20.

Sasa angalieni kilichofuata. Alipofika New York, magazeti yalipewa habari nyingine kabisa: kwamba Beard amemkuta porini huko Afrika akichunga mifugo, eti hata Kiingereza hajui. Mtoto wa balozi, mwanafunzi wa chuo kikuu, akawa mchunga mbuzi kwa mkutano mmoja na waandishi wa habari. Baadaye Iman alisahihisha mwenyewe, lakini hadithi ilishatembea. Tulijiuliza kwa nini uongo ule ulihitajika, maana sura ilikuwa ile ile. Jibu letu ni hili: mchunga mbuzi anauzika zaidi, na mtu aliyeokotwa porini hategemewi kuuliza analipwa ngapi. Anategemewa kushukuru.

Iman hakushukuru kwa namna hiyo. Ameeleza jinsi alivyogundua kwamba wasichana weusi walilipwa chini ya weupe kwa kazi ile ile, akakataa kazi mpaka walingane. Pia katika kazi yake ya kwanza na jarida la Vogue, 1976, mpambaji alimwuliza kama amekuja na vipodozi vyake mwenyewe, maana pale hapakuwa na rangi ya ngozi yake. Akaanza kujichanganyia. Mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi kwa ngozi kama zetu. Dada zetu mnaonunua mkorogo pale sokoni mkafikiri ndio njia ya kufika kwenye majarida, huyu alifika kwa kuchanganya rangi ifanane na ngozi yake. Ngozi hakuibadilisha. Tuyaache hayo, tutayaandikia siku nyingine.

Wa pili ni Alek Wek. Huyu ni wa Wau, Mdinka, amezaliwa 1977 katika nyumba ya watoto tisa. Vita vilipofika Wau familia ilitoka kwa miguu, kama wengi wetu tulivyotoka. Baba yake alifariki Khartoum. Mwaka 1991, akiwa na miaka 14, aliingia Uingereza kama mkimbizi. Alisoma, na alikuwa mwanafunzi wa chuo cha mitindo London mwaka 1995 msaka wanamitindo alipomkuta kwenye soko la wazi la Crystal Palace. Novemba 1997 sura yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Elle toleo la Marekani. Ngozi nyeusi kweli kweli, nywele fupi, hakuna wigi. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o alisimama Hollywood akaeleza kwamba alipokuwa msichana alimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe zaidi, mpaka alipomwona Alek Wek. Mwaka 2018 UNHCR ilimteua Alek kuwa balozi wake mwema.

Watu wakiisimulia habari hii husema "mkimbizi aliyeokotwa sokoni". Sisi tunaomba mhesabu miaka. Kati ya kufika Uingereza na siku ile ya Crystal Palace ni miaka minne. Miaka minne ya shule, lugha, karatasi za kukaa nchini. Alipompata yule msaka, alimpata mtu mwenye anwani.

Sasa tuje nyumbani. Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, kwa ajili ya wale vijana wa Sudan waliotembea mpaka wakaingia Turkana. Halima Aden, Msomali, alizaliwa humu mwaka 1997. Adut Akech alizaliwa Desemba 1999, familia yake ikikimbia vita vya Sudan, akakulia humu utotoni. Mei 2018 wote wawili walikaa kwenye jalada moja la Vogue ya Uingereza pamoja na wanamitindo wengine saba. Watoto wawili waliokunywa maji ya mabomba haya haya. Tulipoikuta picha hiyo tulinyamaza kidogo, hatutaficha.

Lakini Halima alipelekwa Marekani kabla hajafika miaka minane. Alikulia St. Cloud, Minnesota. Mwaka 2016, akiwa msichana wa miaka 19, alishiriki shindano la urembo la Minnesota akiwa na hijabu, na kwenye sehemu ya mavazi ya kuogelea akavaa burkini. Wakala mkubwa wa New York akamsainisha mwaka 2017. Na Adut alihamia Adelaide, Australia, akiwa mtoto wa shule ya msingi. Walimu wakashindwa na jina lake, wakamwita Mary. Septemba 2016, miaka 16, ndipo alipotembea kwenye jukwaa la Saint Laurent kule Paris. Mwaka 2018 alifunga onyesho la Chanel akiwa amevaa gauni la bibi harusi, na kabla yake mwanamitindo mweusi pekee aliyepewa nafasi hiyo pale alikuwa Alek Wek. Desemba 2019 alitajwa mwanamitindo bora wa mwaka kwenye tuzo za mitindo za Uingereza.

Kwa hiyo yule bwana wa simu alidanganya mara mbili. Adut hakuanzia kazi Kakuma. Kakuma aliishi, akatoka na mama yake, na alipoanza kazi ilikuwa ni nchi nyingine na karatasi nyingine mkononi. Kati ya hawa wanne tuliowasoma, hakuna hata mmoja aliyesaini mkataba wa uanamitindo akiwa ndani ya kambi. Wote walisaini wakiwa na shule, na nyumba ya kurudi, na karatasi za nchi walipokuwa wakiishi.

Mtasema, karatasi ni kitu gani mbele ya sura nzuri? Ni kila kitu. Mwanamitindo anayeanza hapati kazi kila wiki. Adut kazi ikikosekana alikuwa na nyumba ya mama Adelaide. Halima alipotaka mkataba wake useme wazi kwamba hijabu haitavuliwa, ilisemwa hivyo, kwa sababu angeweza kuinuka akaondoka. Na kweli aliondoka. Novemba 2020 alitangaza kuacha majukwaa, akaeleza jinsi taratibu alivyokuwa akisogezwa mbali na imani yake, mpaka siku moja akawekewa suruali ya jinzi kichwani mahali pa hijabu. Wengi waliandika kwamba ameharibu bahati. Sisi tunaona hiyo ndiyo sehemu ya historia yake inayotufaa zaidi: aliweza kusema basi. Mwaka 2018 alirudi hapa Kakuma kuzungumza jukwaani, na alikuja kama mgeni mwenye tiketi ya kurudi.

Hata mafanikio yenyewe hayakumkinga mtu. Mwaka huo huo wa 2018 jarida moja la Australia lilifanya mahojiano na Adut, akaongea kuhusu jinsi wakimbizi wanavyotazamwa, halafu likachapisha picha ya msichana mwingine mweusi mahali pa picha yake. Yeye alilalamika hadharani na jarida likaomba radhi. Ana jina, ana watu wanaomsikiliza. Wa bloku yetu wangekosewa hivyo, nani angejua?

Baada ya mafanikio yale, hamu ya sura za Sudan Kusini na za kambi ilipanda Ulaya, na wasakaji wakaacha kungoja tuhamie kwao. Wakaanza kuja hapa. Kijana anapimwa urefu, anapigwa picha kwa simu, picha zinatumwa Ulaya, jibu linarudi. Wasichana kuanzia mita 1.75 hivi, wavulana karibu na 1.85 na kwenda juu. Wapo waliofanikiwa kwa njia hii, na tunawapongeza kwa moyo wote. Ila mwaka 2023 gazeti la Uingereza, The Sunday Times, lilichapisha uchunguzi wake kuhusu vijana waliochukuliwa kutoka Kakuma, wakapelekwa Ulaya kujaribiwa, halafu baadhi wakarudishwa hapa hapa kambini wakiwa na deni la maelfu ya euro kwa wakala wao. Wakati habari ile inatoka baadhi yetu tulidhani ni siasa za magazeti. Tulipoelewa hesabu yenyewe, tukaona hakuna muujiza ndani yake.

Hesabu ni hivi. Wakala hakulipi mshahara. Anakutafutia kazi na kukata kamisheni, mara nyingi asilimia 20. Tiketi ya ndege, visa, chumba, picha za majaribio na pesa ya mfukoni anakutangulizia, halafu vyote vinaandikwa upande wako kama mkopo. Tufanye mfano wa kubuni. Umekopeshwa euro 2,500. Umepata onyesho moja la euro 1,000. Kamisheni imeondoka, zimebaki 800, nazo zote zinaingia kwenye deni. Bado unadaiwa 1,700 na mkononi huna hata nauli ya basi. Na maonyesho ya jukwaani ambayo tunayaona kwenye simu ndiyo mara nyingi yanayolipa kidogo. Pesa kubwa iko kwenye matangazo ya biashara, na hayo yanakuja ukishajulikana. Wakati huo visa ya Schengen ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180. Msimu ukiisha bila kazi, unarudi.

Tuwe wa haki: mawakala wanasema huo ndio utaratibu wa kazi kwa kila mtu, na kwamba kijana asipopata kazi wao pia wanapoteza. Ni kweli mkataba ni ule ule. Lakini msichana wa Manchester ikishindikana anapanda treni anaenda kwao. Wetu anarudi kwenye Bamba Chakula na karatasi ya deni iliyoandikwa kwa euro, na kabla hata ya kuondoka alishahangaikia kibali cha kutoka kambini na hati ya kusafiria ya mkimbizi. Mkataba ule ule ukitua juu ya watu wawili tofauti si kitu kile kile tena.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu wa mashirika. Msikasirike. Tangu utoto tumezoeshwa kutia sahihi. Unasajiliwa, weka kidole. Unapokea chakula, weka kidole. Umekuja kupigwa picha ya bango la Siku ya Wakimbizi, kuna fomu ya ridhaa ya Kiingereza, saini hapa, ahsante. Hatusomi kwa sababu hatujawahi kuona kusoma kukibadilisha kitu, na foleni nyuma yako inalalamika. Kisha siku moja anakuja wakala na kurasa kumi na nne, na mkono unaenda kwenye kalamu wenyewe. Tena mabango yenu mnapenda hadithi ya kuokotwa, "kutoka kambini hadi jukwaani", bila miaka ya katikati. Tunaomba mwaka huu muandike na miaka ya katikati.

Huko nje wanamitindo wenyewe wamepigana, na tunafaidi kujua walichopata. Ufaransa tangu 2017 inamtaka mwanamitindo awe na cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba mwili wake una afya ya kufanya kazi hiyo, kwa sababu ya njaa walizokuwa wakijitia ili waingie kwenye nguo. New York imetunga sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 na kuanza kazi Juni 2025: wakala asichukue zaidi ya asilimia 20, asidai malipo ya kukusajili, na ampe mwanamitindo nakala za mikataba yake. Hizo sheria hazifiki Turkana. Lakini ukijua kwamba New York malipo ya usajili yamekatazwa, ile 6,500 ya saa tatu usiku unaiona kwa jicho jingine.

Kwa wanaotaka kujaribu, nasi hatumkatazi mtu, picha za kwanza hazihitaji studio. Mawakala wa kweli wanataka uonekane ulivyo: simu yoyote nzuri, mwanga wa asubuhi, ukuta mtupu, nguo nyeusi inayobana, nywele zimefungwa nyuma, uso bila kitu. Moja ya mbele, moja ya ubavu, moja ya mwili mzima. Urefu wako, vipimo vyako, umri wako wa kweli. Anayekuambia kwanza ulipie picha za shilingi elfu thelathini anafanya biashara ya picha. Mkataba ukija, uombe nakala ukae nayo usiku kadhaa, utafute mtu wa kuusoma nawe, hata wakili wa msaada wa kisheria hapa kambini, na uulize kila pesa inayotangulizwa ni zawadi au ni deni, na mkataba ukivunjika deni linaenda wapi. Shule usiiache kwa ajili ya ahadi ya simu. Iman alikuwa darasani walipomkuta, na Alek pia.

Dada yetu hakutuma zile 6,500. Tulimwambia amjibu yule bwana kwamba pesa ipo, ila atume kwanza mkataba na jina la kampuni. Namba haikupatikana tena mpaka leo.

Yeye bado anataka, na ana mita 1.78. Jumapili iliyopita tulimpiga picha nyuma ya kanisa, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, saa mbili asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mama yake alikuja, akasimama pembeni ameshika mkoba na kanga, akatazama mpaka mwisho bila kusema neno. Tulipomaliza alituuliza jambo moja tu: "Hao watu wakimwona hafai wakamrudisha, nauli ni ya nani?" Tumeliandika swali la mama likiwa la kwanza kwenye karatasi ya maswali. Karatasi iko kwa katibu, anayetaka nakala aje Jumamosi saa tisa, mahali petu pa siku zote, aje na mzazi wake.